Mkono wa Pole Wapigwa Marufuku

Alhamisi, 1 Februari

Redio imesoma vifo baada ya habari za asubuhi. Nimewaacha wateja dukani kwangu wanasubiri pumba za ng'ombe, nikasikiliza hadi jina la mwisho. Wawili ni wa hapa Kiltarrow! Mungu awarehemu. Mungu anisamehe na mimi, maana jambo la kwanza nililofanya ni kuwapigia hesabu watoto wa marehemu wenye umri wa kupiga kura.

Shajara hii haisomwi na mtu, kwa hiyo niseme wazi. Juni kuna uchaguzi, nami nautaka udiwani. Mara iliyopita nilishindwa na Attracta Mulvey kwa kura chache mno, na mji mzima unajua sababu. Nilikosa maziko ya mzee Cawley kwa kuwa nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Hapa kwetu hakuna anayekuuliza umefanya nini kuhusu barabara. Wanauliza kama ulikuwepo. Unapanga foleni, unamshika mfiwa mkono, unasema pole na msiba, unatazama viatu vyako, unasogea kwa anayefuata. Mkono mmoja, kura moja. Attracta hajakosa maziko tangu apate kipaimara.

Mchana naenda posta, nakuta tangazo. Kalibandika Dervla Noone, nesi wa zahanati yetu. Homa ya mafua imeingia. Mwenye homa abaki nyumbani. Kohoa kwenye kiwiko. Ambao hawajachanjwa waje wachanjwe. Halafu chini, kwa herufi nene: TUSIPEANE MIKONO, HATA MISIBANI.

Hata misibani! Hilo si tangazo la afya, hiyo ni kampeni. Nimemkumbusha Goretti, mke wangu, kwamba Dervla ameolewa na binamu yake Attracta. Goretti akasema binamu wa Attracta ni nusu ya mji, na mimi mwenyewe nimo.

Ijumaa, 2 Februari

Maziko ya Bi Dympna Hanley, aliyefundisha piano. Nilikuwa nimeshapata ufumbuzi: glavu. Tangazo limekataza mikono, halikutaja ngozi ya mbuzi. Nikavaa zile nyeusi alizoninunulia Goretti Krismasi.

Wafiwa walisimama kando ya jeneza, mikono nyuma. Attracta alikuwa mbele yangu kwenye foleni, kama kawaida yake. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, akanong'ona maneno mawili matatu. Watu wakasikika wakisema ana adabu huyu mama. Kiganja kifuani! Mwanamke huyo hata akipiga miayo ataonekana ana huruma.

Ikafika zamu yangu. Nikamnyooshea mkono mgane, mzee Hanley. Akaitazama glavu nyeusi, akatikisa kichwa kwa shukrani, akanielekeza kwenye jeneza. Alidhani nimetoka kampuni ya mazishi! Ningesema nini mbele ya watu wote wale? Nikabeba.

Wabebaji wenzangu walikuwa wapwa wa marehemu, wote warefu, mimi bega langu linawafika kwenye kiwiko. Jeneza halikunigusa hata mara moja. Nimetembea chini yake hadi makaburini kama mtu anayejikinga mvua. Attracta alinifuata baadaye akaniambia, kwa ule upole wake unaouma, kwamba nilipendeza.

Jumamosi, 3 Februari

Sikukuu ya Mtakatifu Blasi. Leo ndiyo siku Padri Malachy anabariki makoo, mishumaa miwili imepishanishwa chini ya kidevu cha mtu, na kwa hofu ya mafua watu walijaa hadi mlangoni. Nikiwa nimepiga magoti ndipo akili ikanijia. Koo likishabarikiwa, mtu ana kinga. Mwenye kinga atakatazwaje mkono? Nikawahi mbele, nikabarikiwa, nikazunguka kwa mlango wa pembeni, nikasimama barazani. Kila aliyetoka nikamkamata.

Raha iliyoje! Kwa siku mbili tatu nilikuwa nimeishi kama bata asiye na maji. Waliotoa mikono nikaishika, walioificha nikaifuata mfukoni. Mzee Bartley Tuohy wa kule kilimani, mwenye miaka tisini na ushei, alinishika kwa mikono yote miwili asitake kuniachia, akinisimulia habari za ndama ambaye marehemu baba yangu alimuuzia na jinsi alivyokuwa na jicho moja la hila. Ukoo wa Tuohy ndio mkubwa kuliko wote hapa, na kidole cha mzee kikielekea mahali, kura zote zinaelekea huko huko. Ningeweza kusikiliza habari za yule ndama hadi Pasaka.

Dervla akanifumania. Nikamweleza suala la makoo, taratibu, kitaalamu.

"Fintan," akasema, "Mtakatifu Blasi anashughulika na koo. Mikono ni kazi yangu. Halafu wewe chanjo mbona hukuja?"

Nikamwambia siku ile ya chanjo kulikuwa na maziko. Na ni kweli kulikuwa na maziko.

Jioni hii koo linawasha kidogo. Haiwezekani. Limebarikiwa asubuhi.

Jumapili, 4 Februari

Chafya tangu alfajiri. Ni vumbi la pumba. Goretti, ambaye alichanjwa tangu Oktoba na anahakikisha nalijua hilo, amehamishia mto wake chumba cha binti yetu. Viatu vyangu vya kanisani havionekani. Nimeuliza viko wapi, akajibu kwamba tangazo linasema mwenye homa abaki nyumbani, na viatu vyangu vina homa.

Nikatazama misa kwenye simu, maana kanisa letu lina kamera kwa ajili ya wagonjwa. Kamera inaonyesha altare na benchi moja tu la kushoto. Kwenye benchi hilo nani? Attracta. Mbele ya wagonjwa wote wa parokia, kwa saa nzima, anasali!

Lazima nijue alifika saa ngapi kuliwahi.

Jumatatu, 5 Februari

Sikukuu ya Mtakatifu Brigida, nchi nzima imepumzika. Mimi nimepumzishwa. Homa kali. Inauma hadi mifupa ambayo sikujua ninayo.

Lakini mgonjwa si maiti. Leo kulikuwa na maziko ya Lorcan Beirne, yule marehemu wa pili. Nikampigia simu binti yake, maana simu haina mikono. Nilipofika kwenye neno pole, chafya ikanishika, kisha nyingine, kisha ile ya kulia machozi. Binti naye akaanza kulia. Akaniambia hakujua kama nilimpenda baba yake kiasi hicho.

Sikumsahihisha. Ukoo wa Beirne, naona, umekaa vizuri.

Jumanne, 6 Februari

Goretti kaleta habari za mjini, kasimama mlangoni, kitambaa puani. Muuza nyama yuko kitandani. Mpiga kinanda wa kanisani yuko kitandani. Sauti ya pili yote ya kwaya iko kitandani. Dervla anapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mgonjwa alishikana mkono na nani Jumamosi, na kila mgonjwa anataja jina moja. Wanayaita mafua ya Fintan.

Miaka yote hii nimetaka jina langu liwe midomoni mwa mji mzima. Sasa limo, linakoholewa.

Nikacheka kidogo, homa inachekesha. Halafu Goretti akauliza kama ni kweli nilimpa mkono mzee Bartley. Kicheko kikaniishia pale pale. Mikono yote miwili alinipa yule mzee, na mimi nilikuwa nawaza kura.

Chakula cha jioni sijakigusa. Si kwa sababu ya homa.

Jumatano, 7 Februari

Niandike kama ilivyokuwa.

Dirisha la chumba chetu linatazama kilima cha akina Tuohy. Baada ya chakula cha mchana nikaona gari jeupe la Dervla likisimama kwa mzee. Nikajiambia anapita tu. Halafu likaja gari la Padri Malachy. Nikajiambia anapita naye. Halafu majirani wakaanza kupanda njia ile, mmoja mmoja, wawili wawili, wamebeba viti.

Hapa kwetu viti havitoki nyumba moja kwenda nyingine bila sababu. Viti hutoka kwa jambo moja, na kila mtoto analijua. Nyumba ina maiti, wageni wanakuja kukesha.

Nimemuua Bartley Tuohy. Nilikaa kitandani nikauangalia mkono wangu wa kulia, mkono wa kawaida tu, una kovu la panga la nyasi. Nikakumbuka baba yangu alipofariki. Nilikuwa kijana, sijui pa kuanzia, na kila asubuhi nikienda zizini nakuta ng'ombe wameshakamuliwa. Ni Bartley. Alikuwa anakuja gizani, anakamua, anaondoka, hata siku moja hakulitaja. Mtu huyo ndiye niliyemsikilizia habari za ndama kwa tamaa ya udiwani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na nilihuzunika kama sijawahi kuhuzunika tangu siku zile.

Redio ilikuwa bado haijamsoma. Goretti alikuwa kazini, angeniambia nisubiri redio. Sikuweza kusubiri. Nikavaa suti nyeusi juu ya nguo za kulalia, nikavaa gambuti kwa kuwa viatu bado vimefichwa, nikapanda kilima kwenye mvua. Kila hatua chache nasimama kupumua.

Nilipofika sikuingia. Kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo libandikwe, nilitii. Nilishaua mmoja, inatosha. Nikazunguka hadi dirisha la jikoni. Ndani kulijaa watu kwenye vile viti, vikombe mkononi, sahani za mikate na nyama ya nguruwe zinapita, Attracta Mulvey na birika kubwa anamimina chai. Mahali fulani mtu alicheka, lakini misibani kwetu watu hucheka. Nikagonga kioo. Wakageuka wote. Sikuwa na neno la kampeni hata moja kichwani. Nikaweka kiganja kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema poleni na msiba, na machozi yakanitoka mbele ya ukoo mzima wa Tuohy.

Nilipoinua kichwa, dirishani alikuwa amesimama Bartley mwenyewe. Mkono mmoja wa shati umekunjwa hadi begani, mkono mwingine una kipande cha mkate.

"Nani kafa, Fintan?" akauliza kupitia kioo.

"Wewe, mzee."

Akatafuna kidogo, akafikiri. "Mimi sijaambiwa," akasema.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia upya, safari hii kwa furaha, mvua inaniingia shingoni na sijali. Yu hai! Anakula! Sijui kama nimewahi kupata zawadi kubwa kama kile kipande cha mkate kinachotafunwa.

Dervla akaja dirishani akanieleza kwa kupaza sauti. Mzee alichanjwa zamani, Oktoba, mtu wa kwanza mlangoni. Jumatatu alikohoa kidogo, Jumanne akaamka anadai mayai. Lakini majirani zake wengi walikuwa wanaikwepa zahanati, huyu anaogopa sindano, yule ana ndama anayezaliwa, kwa hiyo Bartley akawaita wote jikoni kwake na Dervla alete sindano huko, naye akakunja shati kuwaonyesha pale alipochomwa. Mtu aliyekwisha kunywa chai ya mwenzake hawezi kukataa. Viti vilipungua, wakaleta vyao. Naye Padri Malachy alikuja kuchomwa kama wengine, na alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mweupe kama mshumaa wa Blasi, anapepewa na gazeti.

Nilingoja matusi. Dervla akaniambia tu kwamba kusimama nje lilikuwa jambo la kwanza la akili nililofanya mwezi huu, na sasa niende nikalale kabla hawajahitaji vile viti kwa ajili yangu.

Bartley akanizuia. Akasema amesikia kilio changu na kilikuwa kizuri, hata ndugu yake wa damu hakuliliwa hivyo. Akasema niuweke mkono wangu mfukoni hadi tangazo la Dervla lishuke. Nikifanya hivyo, Juni akina Tuohy watanitazama kwa jicho jingine. Nikaapa. Akaweka kiganja chake kwenye kioo, nami nikaweka changu upande wa mvua.

Nilipogeuka kuondoka nikamwona Dervla anakifuta kile kioo.

Jumatano, 14 Februari

Nimepona. Mji umepona pia, au unakaribia. Muuza nyama kafungua duka, kwaya ina sauti zake zote, na redio haijasoma hata mtu mmoja wa Kiltarrow aliyechukuliwa na mafua. Nimeisikiliza kila siku, na safari hii sikuwa nahesabu kura. Nimeshukuru kwa dhati. Leo Jumatano ya Majivu Padri Malachy hakutuchora msalaba usoni kwa kidole gumba, alitunyunyizia majivu utosini, tukatoka kama waliofagia bomba la moshi.

Mikono mfukoni, siku nzima, kila siku. Si kazi ndogo. Nimeteleza mbele ya posta nikaanguka kifudifudi kwa kuwa sikuitoa kwa wakati. Kwenye maziko ya juzi nikajaribu ile ya Attracta, kiganja kifuani, kichwa chini. Wakaniletea kiti na maji. Mtu mmoja akaanza kunifungua vifungo vya shati.

Kiapo ni kiapo. Lakini Bartley alisema hadi tangazo lishuke. Nimelitafakari sana neno hilo. Hakusema nani alishushe.

Ijumaa, 16 Februari

Siku ya pensheni! Nilifika posta kabla ya kufunguliwa. Barabara tupu. Tangazo lilikuwa limeshikiliwa na pini moja tu, nyingine ilishaanguka, na upepo ulikuwa mkali. Ningeuachia upepo, lingeshuka lenyewe kufika adhuhuri. Niliusaidia upepo. Nikalikunja, nikalitia mfukoni, nikautoa mkono.

Hewa safi kwenye vidole! Nyayo nyuma yangu. Nikageuka, mkono mbele, tabasamu tayari.

Alikuwa Dervla.

Aliutazama mkono wangu. Akatazama ukuta. Akatazama mfuko wangu, ambako kona ya karatasi ilikuwa inachungulia. Akafungua mkoba, akatoa tangazo jipya, akaniwekea kwenye kile kile kiganja kilichonyooshwa, na juu yake akaweka pini nne.

"Libandike," akasema. "Na linyooke."

Nikabandika. Ndipo wazee wa pensheni wakaanza kufika, mmoja baada ya mwingine, wakapanga foleni nyuma yangu, nami naweka pini, narudi nyuma kutazama kama limenyooka, nasogea, naweka nyingine. Bartley alikuwemo, kashikilia fimbo. Nikawasikia. Wanasema tazama Fintan Scally, amebadilika, anamsaidia nesi. Wanasema ugonjwa humfunza mtu. Mzee Hanley akasema mimi ndiye niliyembeba marehemu mkewe na hajasahau. Bartley akaniinulia fimbo, na nusu ya foleni ikageuza vichwa kumtazama Bartley kisha mimi. Attracta alikuwa ng'ambo ya barabara, kiganja kifuani, na hakuna aliyekuwa anamtazama!

Nimerudi nyumbani nikamweleza Goretti kila kitu, isipokuwa lile tangazo la kwanza lililo mfukoni. Nina amani. Mzee yu hai, mji ni mzima, na mimi sasa ni mtu wa afya ya jamii.

Kanisani kuna tangazo kama hilo hilo, karibu na maji ya baraka. Jumapili nitawahi kabla ya misa nilishushe, kisha nilibandike tena watu wakiwa wanaingia. Na nimekwishaangalia: ukuta ule uko upande wa kushoto, na kamera inauona.